Mguu Usiokunjika na Kiti cha Katikati

Wewe mwenye mgonjwa wa kusafirisha kwa ndege, kabla hujamwambia mtu yeyote akukatie tiketi, keti kwanza usikie yaliyomkuta Mama Angalia. Jina hilo alipewa na wanawe mwenyewe, maana tangu wakiwa wanatambaa hawakulisikia neno jingine kinywani mwake kuliko hilo. Angalia jiko. Angalia ngazi. Angalia huo waya. Yule wa kiume akakua akawa fundi umeme, na siku aliyoanguka kutoka darini kwenye nyumba ya watu, mama alipopigiwa simu hakulia kwanza. Alisema, "Si nilimwambia aangalie," ndipo akakaa chini akalia.

Fundi alivunjika mguu wa kushoto, tena pabaya, juu na chini ya goti. Akapelekwa hospitali kubwa, mbali na kwao, wakamtia vyuma vilivyotokeza nje ya nyama kama vigingi vya hema, vikashikwa na fito ndefu toka pajani hadi karibu na kifundo. Mguu ukawa haukunjiki hata ukiuomba. Siku ya kumruhusu, daktari hakuwa na maneno mengi. Mguu ukae umenyooka, alisema, usigongwe, usilazimishwe. Vyuma vikilegea tunarudi kwenye kisu, na safari hiyo mimi siahidi kitu.

Kwa basi, kwao ni mchana kutwa na usiku kucha, umekaa umekunjwa kama nguo kwenye sanduku. Kwa ndege unamaliza chai yako umefika. Ndugu wakakubaliana: ndege, tena mbele kabisa, daraja la biashara, penye nafasi. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Makosa yaliingia na jirani, fundi cherehani, ambaye alishapanda ndege mara moja maishani mwake. Alikaa nyuma, lakini wakati anapita kwenda nyuma alichungulia ya mbele. "Shoga, kule si viti," alimwambia Mama Angalia kwenye simu. "Kule ni makochi."

Sasa, kwa shemeji yake, walikofikia baada ya kutoka wodini, kulikuwa na kochi la watu watatu. Fundi alijilaza hapo kila siku, mama akakaa mwishoni, mguu wa vyuma ukalala juu ya mto mapajani mwake, na hakuna aliyeugusa. Mama Angalia akaona kama ndege nayo ina kochi, basi, mambo yamekwisha. Isitoshe, kwao mgonjwa amekuwa akilazwa katikati tangu zamani. Mtoto akipata homa, anawekwa kati ya mama na dada, ukutani hayupo, ukingoni hayupo, hata akiweweseka hawezi kuanguka. Fundi mwenyewe alilelewa hivyo.

Akampigia binti yake mkubwa, msusi, ambaye ndiye aliyekuwa akikata tiketi kwa simu huku anasuka.

"Mama, hapa naona vijumba vidogo vidogo," msusi alisema. "Viwili, halafu njia, halafu vitatu, halafu njia, halafu viwili. Nichague kipi?"

"Hivyo vitatu. Mdogo wako mweke katikati. Mimi kulia kwake."

"Katikati? Mama, hata mimi nisiyejua ndege najua katikati hakupendwi na mtu. Ndiyo maana vingine vinachukuliwa kwanza, hicho kinabaki. Mbele kabisa kushoto kuna kimoja cha dirishani bado kipo, mweke hapo alaze kichwa."

"Dirishani kuna kioo. Kikipasuka?"

"Hakipasuki, mama."

"Umekipasua ukaona hakipasuki? Na njiani kuna vigari vya chai. Unataka kigari kimpitie kwenye vyuma? Katikati. Mguu nitaulaza mapajani."

"Mama, nina mteja hapa, nusu ya kichwa nimesuka, nusu kimesimama kama fagio. Nakuuliza mara ya mwisho."

"Katikati!"

Kutoka kwenye kochi Fundi aliinua kichwa. "Mama, mwenye mguu ni mimi. Naomba dirishani."

"Wewe uliomba dari, ukaliona. Nyamaza."

Msusi akabonyeza katikati. Wewe unayesoma, ukifika hapa na wewe ukawa na simu mkononi, simama. Uliza ndege yenyewe imepangwaje. Uliza mkono wa kiti unanyanyuka au haunyanyuki. Mama Angalia hakuuliza.

Siku ya safari lifti ya kuwapandisha wagonjwa iligoma, ikabembelezwa, ikagoma tena, ikakubali abiria wengine wote wakiwa wameshakaa. Fundi akaingia ndani akisukumwa kwenye kiti chembamba cha magurudumu, mguu umetangulia mbele kama mdomo wa korongo. Mama nyuma yake na mito miwili, chupa ya chai, na mfuko wa dawa. Akatazama. Kochi hakuliona.

Aliona viti vikubwa kweli, vya ngozi, lakini kila kimoja kimejifunga chenyewe. Kati ya kiti na kiti kulikuwa na mkono mpana, mnene, wa kuwekea kiwiko na glasi. Akaushika ule wa kwake akaunyanyua. Haukusogea. Akatua mito, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Haunyanyuki, mama," alisema mhudumu, mwanamke mwenye sauti ya upole iliyochoka. "Meza imo humo ndani."

"Unyanyuke tu kidogo, mwanangu alaze mguu."

"Umejengewa hapo, mama. Nyuma ndiko inakonyanyuka. Huku mbele haipandi."

"Yaani watu wanakwenda mbele wakabanwe zaidi?"

"Wanapata nafasi, mama. Ila kila mtu na yake."

Wakajaribu hivyo hivyo. Msukuma kiti akamshika Fundi mabegani, mama akashika mguu, wakamwingiza pale katikati kama watu wanaopitisha kabati mlangoni. Lakini mbele ya kile kiti cha katikati, ukutani, kulikuwa na sanduku la chuma la kuwekea magazeti, limetokeza. Kabla makalio ya Fundi hayajafika kwenye kiti, kisigino chake kilishafika kwenye sanduku. Ncha ya fito ikagusa sanduku, chuma kwa chuma, tii. Mlio mdogo tu, lakini Fundi alifumba macho na jasho likamtoka puani.

"Basi, basi, basi! Mrudisheni!" mama alipiga kelele.

Wakaugeuza mguu kulia, mkono wa kiti ukazuia. Wakaugeuza kushoto, ukaingia kwenye kiti cha bibi mmoja aliyevaa miwani myeusi. Bibi huyo, bila kuvua miwani, akasema, "Kijana, hata mume wangu sikumruhusu kunipandishia mguu." Abiria wakacheka. Fundi naye akacheka huku anauma meno. Mama Angalia hakuona la kuchekesha.

"Basi akae kwenye kiti changu, njiani, mguu nje," alisema.

"Haiwezekani, mama," mhudumu akajibu. "Njia lazima iwe wazi. Ikitokea dharura watu watajikwaa."

"Dharura gani? Kuna dharura?"

"Hakuna, mama. Ikitokea."

"Kwa nini unaitaja kama haipo?"

Mhudumu akavuta pumzi. Akaeleza polepole, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa mama wengi. Mguu usiokunjika hukaa dirishani, mstari wa kwanza. Mbele pana wazi, hapana sanduku, na hakuna mtu wa kupita juu yake. Mguu wa kushoto unataka dirisha la kushoto, ulale kando ya ukuta, mwili wake mwenyewe uukinge. "Mlipokata tiketi hamkuambiwa?"

Fundi alimtazama mama yake.  Angemgombeza, ingekuwa nafuu.

Kwenye dirisha la kushoto alikuwa amekaa bwana mmoja aliyevaa tai iliyombana shingo, makaratasi yamemjaa magotini. Karibu naye, upande wa njia, alikaa katibu wake, msichana wa kucha ndefu, ambaye alikuwa anasomewa hotuba na anaitikia "ndiyo, bosi" kila baada ya sentensi. Mama Angalia akawafuata.

"Baba, ondoka hapo, mgonjwa akae."

Hivyo ndivyo alivyoanza, bila hodi. Bwana Tai akainua macho.

"Samahani, mama?"

"Hapo ndipo pa mguu wa kushoto. Wewe nenda pale katikati. Pazuri sana, unalindwa pande zote mbili."

Bwana Tai akachungulia kile kiti, sanduku la magazeti, bibi wa miwani. "Kama ni pazuri hivyo, mbona mwanao hakai?"

Cheko jingine. Hata yule msukuma kiti, ambaye hakutakiwa kucheka, aligeuza uso.

"Mimi sifanyi masihara, baba. Mtoto ana vyuma!"

"Namwona, mama, na nampa pole. Lakini hiki kiti nilikikuta kiko wazi, nikakichagua mwenyewe. Sikupanda mbele ili nikakae katikati nigombanie viwiko. Ningetaka hivyo ningekaa nyuma. Na hapa tuna kazi, tunashuka moja kwa moja mkutanoni."

"Kazi inashinda mguu wa mtu?"

"Mama, usinitie kwenye mizani. Aliyemkatia kiti cha katikati ni mimi?"

Hilo likamfikia.  Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alianza kumwuliza kama ana mama, mama huyo yuko wapi, na angejisikiaje. Kadiri alivyosema ndivyo Bwana Tai alivyozidi kujikaza kwenye kiti, mpaka akaufunga mkanda, kacha!

Kutoka chumba cha rubani simu ikalia. Mhudumu akaipokea, akasikiliza, akarudi na uso mwingine. "Mama, tunafunga mlango. Mgonjwa akipata mahali salama, tunaondoka naye. Asipopata, itabidi ashuke, na sijui lini mtapata ndege nyingine yenye hicho kiti. Samahani sana."

Kushuka maana yake ni basi. Mama Angalia aliliona basi lile mbele ya macho yake, kila shimo la barabara, kila kona, na vyuma vikilegea kimoja kimoja. Akaiokota mito yake akaikumbatia.

Njia ya kutoka ilikuwepo, na alikuwa ameiona tangu mwanzo. Kiti chake mwenyewe. Kilikuwa cha njiani, mtu hutoka na kuingia atakavyo, na Bwana Tai asingekuwa na la kulalamika. Lakini akikitoa, yeye ndiye angebaki katikati, amefungiwa, na mwanawe kule ng'ambo ya njia, nyuma ya mabega ya watu, dirishani, penye kioo. Akianza kupata maumivu asimwone. Akigongwa asifike. Ndiyo maana alimpa Bwana Tai kiti kibaya na kizuri akakikalia kimya.

"Mama," Fundi akasema.

"Subiri, baba, naongea na huyu."

"Mama, nyamaza kidogo. Wewe umeshaongea na daktari, umeongea na dada, umeongea na ndege nzima. Sasa niache mimi." Hakupaza sauti. Akamgeukia Bwana Tai. "Mzee, mimi ni fundi umeme, si mtu wa maneno. Nimeanguka. Huu mguu nikiuharibu leo sitapanda ngazi tena. Nakuomba dirisha. Na wewe utakaa njiani, siyo katikati. Katikati atakaa mama."

Mama Angalia akaikaza mito kifuani.

"Mpe kiti chako, mama," Fundi akasema.

Bwana Tai akamtazama yule kijana, akatazama vile vyuma, kwa mara ya kwanza vizuri. Kabla hajajibu, katibu wake akasema kwa sauti tamu kabisa, "Bosi, mpishe tu. Hotuba nimeshaielewa yote. Mimi nitakuwa salama." Na alivyosema, ulijua kuna mtu mwingine aliyekuwa anaomba dua hiki kiti kipate mwenyewe mpya.

"Ningeombwa hivi tangu mwanzo," Bwana Tai akanung'unika, akafungua mkanda, "tungekuwa tumeshapaa." Akakusanya makaratasi yake.

Wakamwingiza Fundi dirishani. Mguu ulikwenda mbele, ukanyooka kando ya ukuta, mto mmoja chini ya kisigino, mwingine kati ya vyuma na ukuta. Haukugusa kitu. Fundi akaegemea akashusha pumzi ndefu.

"Kioo kile," akamwambia mhudumu.

"Ni imara, mama."

"Angalia lakini."

"Nitaangalia, mama. Nenda ukakae."

Akaenda akakaa katikati, na hapo ndipo alipokijua kile kiti alichomchagulia mwanawe. Kulia kwake Bwana Tai aliweka kiwiko juu ya mkono wa kiti, na kiwiko hicho hakikuondoka. Kushoto bibi wa miwani aliweka chake. Mama Angalia akabaki na mikono yake miwili mapajani kama mtu anayesubiri kuchukuliwa vipimo. Sanduku la magazeti lilimkodolea macho. Ndege ilipotulia angani Bwana Tai akatoa meza, akaijaza makaratasi, akalala juu yake. Bibi naye akanyoosha kiti chake chini kama kitanda na kuanza kukoroma taratibu. Kulia mlima, kushoto mlima. Alitaka kusimama, hapana pa kupita. Alitaka kwenda haja, akaiahirisha. Akawaza: hapa ndipo nilipotaka kumtia mtu asiyekunja mguu. Hapa! Nikaona namlinda.

Ng'ambo ya njia alikuwa akiona kidogo tu. Kucha za katibu. Sehemu ya kichwa cha Fundi. Na chini, akiinama sana, ncha ya kile kisigino juu ya mto. Kigari cha chai kikaja kikasimama hapo hapo, kikafunika vyote.

"Dada, sogeza kigari," akanong'ona.

Mhudumu hakusikia.

"Dada! Kigari!"

Bibi wa miwani akaacha kukoroma. "Mama, mtoto wako ana umri gani?"

"Mkubwa. Ana ndevu."

"Basi muache anywe chai."

Kigari kikapita. Nyuma yake akamwona Fundi ameshika kikombe, anamweleza yule katibu jambo fulani kwa mikono, labda namna alivyoanguka, na msichana amejishika mdomo kwa kucheka. Tangu aanguke hakuwahi kucheka namna ile kwa shemeji, kwenye kochi, mguu mapajani mwa mama yake. Mama Angalia alilitazama hilo na hakujua aliweke wapi.

Kisha ndege ikatikisika. Si sana, kama gari likiacha lami. Lakini Mama Angalia alikuwa ameshafungua mkanda, amesimama nusu, kichwa juu ya mabega ya watu. "Angalia mguu!"

Waliokuwa macho wakacheka, waliolala wakaamka kwa hofu, na Bwana Tai makaratasi yakamwagika yote. Kutoka dirishani ukainuka mkono mmoja, kidole gumba juu. Ulikaa pale juu muda mrefu, ukimngoja mama akae. Akakaa.

Mhudumu akaja akamwinamia. "Kijana wako anasema mguu haujaguswa na mtu. Anasema pia, ukisimama tena, atashuka hapa hapa."

"Angani?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

Mama Angalia akafunga mkanda, akaukaza, na hakuufungua tena mpaka magurudumu yalipogusa chini.

Msusi ndiye aliyewapokea, na kabla hata hajamsalimia mdogo wake alitazama vyuma, kimoja kimoja, vyote vimekaa. Ndipo mama akaanza, "Wewe, siku nyingine ukikata tiketi..."

"Mama," msusi akasema. "Maliza hiyo sentensi nikuache hapa na mito yako."

Hakuimaliza.

Nyumbani majirani walikuwa wameandaa kila kitu kwa wema. Kitanda cha Fundi kimetandikwa shuka safi, kimewekwa katikati ya sebule, viti vimekizunguka pande zote, na fundi cherehani amesimama hapo amejawa na fahari. "Umeona, shoga? Kama ulivyotuagiza. Mgonjwa katikati ya watu."

Mama Angalia alisimama mlangoni. Fundi alikuwa nyuma yake, juu ya magongo. Alisubiri tu.

"Kiondoeni hapo," mama akasema. "Kisukumeni ukutani, pale penye dirisha. Mguu wa kushoto uwe upande wa ukuta."

"Karibu na dirisha?" jirani akashangaa. "Wewe? Na kioo je?"

"Muulize yeye anataka wapi."

Wote wakamgeukia Fundi. Akaonyesha dirisha kwa gongo. Wakasukuma kitanda mpaka kikagota, wakamlaza, mguu ukanyooka kando ya ukuta.

"Na wewe sasa utakaa wapi?" fundi cherehani akauliza, maana kile kitanda kilikuwa kimebakiza upande mmoja tu, na upande huo Fundi alishaanza kumwita dada yake akae, amsimulie.

"Nitakapoambiwa," Mama Angalia akajibu. Akavuta kiti mpaka karibu na mlango, akakaa, akanyamaza. Alijitahidi sana. Halafu akasema, "Lakini jirani, angalia hicho kikombe. Kiko ukingoni."